Deni la Mwanga wa Jua



Siku hizi jua limeingia sokoni. Mtu akipita Baraka ataona katika maduka paneli za sola zimeegemezwa ukutani kama mabati, na pembeni yake betri, taa ndogo, na nyaya za kila rangi. Katika Ziwa Tanganyika wavuvi wa ndakala, ambao zamani walitoka usiku na taa za mafuta za kupampu, wengi wao sasa hubeba taa za betri zilizopata nguvu mchana. Nyumbani watoto husoma jioni bila kuvuta moshi wa kibatari. Tena twasikia habari za nchi jirani. Kule Kigali pikipiki za umeme zilianza kubeba abiria mwaka 2019, na tangu mwaka 2025 pikipiki mpya ya abiria haiandikishwi mjini humo kama si ya umeme. Ethiopia nayo mwaka 2024 ilikataza kuingiza motokaa ndogo zinazotumia esansi.

Mambo haya ni mema, wala hatuyaandiki ili kuyapinga. Katika Kongo yetu karibu mtu mmoja tu kati ya watano ndiye aliye na umeme, na sisi wa Fizi tu wengi sana katika wale wanne waliobaki. Mtu aliyekaa gizani miaka yote, nani atamlaumu kwa kununua taa?

Lakini watu husema: «Jua ni bure. Mungu halipishi.» Neno hili ni kweli, ila ni kweli nusu. Jua ni la Mungu. Paneli, betri, waya na mkataba ni vya watu. Na penye mikono ya watu pana haki na pana dhuluma. Kwa hiyo yatupasa kuuliza: mwanga huu una deni gani, na deni hilo ni juu ya nani?

Hesabu ya nyumba

Kwanza tujue hesabu, maana asiyejua hesabu hudanganywa akiwa macho.

Tutwae paneli ya wati 50. Ikipata jua kali kwa muda wa saa 5, hutoa wati-saa 250. Sehemu hupotea katika nyaya na katika betri. Tuseme zabaki 180. Nyumba yenye taa tatu za wati 5, zikiwaka saa 4, hutumia 60. Simu mbili hula kama 30. Redio ya wati 5 kwa saa 5 hula 25. Jumla ni 115. Basi nyumba hiyo ina amani, tena ina akiba kidogo kwa siku ya mawingu. Lakini baba wa nyumba akileta televisheni ya wati 30 na kuitazama saa 4, ameongeza 120, na jumla yapita kipimo. Kila usiku betri hushuka mpaka chini kabisa, na betri ya risasi ikitendewa hivyo hufa kabla ya wakati wake. Ndipo watu husema, «Muuzaji ametuibia.» Pengine ni kweli. Pengine pia paneli moja ilipewa kazi ya mbili.

Pikipiki ni jambo jingine kabisa. Ili iende kilometa 100, yataka wati-saa 3,000 mpaka 4,000. Kwa kazi hiyo ya kila siku zahitajika paneli za wati 1,000, yaani paneli ishirini kama ile ya nyumba yetu. Ni motari gani mwenye paneli ishirini? Kwa hiyo katika miji mingi kampuni moja huweka kituo, na motari hubadilisha betri iliyokwisha kwa betri iliyojaa. Faida yake ni kubwa: barabara ya Uvira ikifungwa kwa vita au kwa mvua, na bei ya esansi ikaruka, jua halipandi bei. Lakini tazameni jambo moja. Esansi motari aliinunua kwa yeyote aliyempendeza, hata chupa moja kando ya njia. Betri ataipata kwa mwenye kituo peke yake. Ameponyoka mikononi mwa wauza mafuta wengi, akaingia mkononi mwa bwana mmoja.

Hapo ndipo swali la haki laanza.

Kufuli ya muuzaji

Wengi wetu hatuwezi kulipa kifaa cha sola kwa siku moja. Kwa sababu hiyo zimetokea kampuni zinazouza kwa malipo ya kidogo kidogo kwa njia ya simu. Mojawapo ni Altech, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Wakongomani wawili, Washikala Malango na Iongwa Mashangao, ambao walipata kuishi ukimbizini Tanzania kwa ajili ya vita vya kwetu. Ni jambo la kutia moyo kwamba watu walioonja giza wenyewe ndio walioshika kazi ya kuuza taa. Hapa hatuhukumu kampuni hii wala ile. Twasema habari za desturi yenyewe.

Tufanye mfano. Kifaa chauzwa dola 100 kwa fedha taslimu. Kwa mkopo, mtu atalipa dola 8 kila mwezi kwa miezi 24. Jumla yake ni dola 192. Je, hizo dola 92 za juu ni wizi? Tusikimbilie kusema ndiyo. Familia hiyo, tuseme, ilitoa senti 30 kila siku kwa mishumaa, kwa mawe ya tochi na kwa kuchajisha simu, yaani dola 9 kwa mwezi. Kwa hiyo hata wakati wa kulipa deni imeokoa dola moja kila mwezi, na deni likiisha taa ni yake. Muuzaji naye ana gharama: mawakala wanaotembea vijijini, vyombo vinavyoharibika, watu wanaotoweka bila kulipa. Mwenye kungoja fedha yake miaka miwili ana haki ya kupata kitu kwa kungoja kwake.

Basi dhuluma yaweza kuingia wapi? Yaingia pale mnunuzi anapoambiwa «senti 27 tu kwa siku» na haambiwi jumla ni 192. Mtakatifu Toma wa Akwino alifundisha zamani kwamba muuzaji anapaswa kumwonyesha mnunuzi kilema cha bidhaa kisichoonekana kwa macho. Jumla isiyotajwa ni kilema cha namna hiyo. Mtu ameona taa, ameona paneli, lakini kitu kikubwa kuliko vyote hakukiona.

Tena kuna kufuli. Kifaa cha mkopo kina kitu kidogo ndani yake: siku ya kulipa ikipita, chajizima chenyewe. Muuzaji hana haja ya kuja na askari. Amekaa mjini mbali, na nyumba ya mtu imeingia giza. Je, ni haki?

Hapo latufaa neno la kale. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati chakataza mtu kumtwalia mwenziwe jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa kumtwalia jiwe hilo ni kumtwalia uhai wake. Fikirini vizuri. Musa hakufuta deni. Mwenye deni alipe. Alichokataza ni kumnyang'anya mdaiwa chombo kile kile kinachomletea unga, maana bila chombo hicho hatakula wala hatalipa. Kwa hiyo tupambanue. Televisheni ikizimwa kwa sababu mwenyewe hakulipa, hakuna aliyedhulumiwa. Lakini taa ya mvuvi ni jiwe la kusagia. Pikipiki ya motari ni jiwe la kusagia. Taa ya mkunga usiku ni zaidi ya jiwe la kusagia. Kuzima vitu hivi saa ile ile mtu alipougua malaria, au alipokimbia vita kwenda ng'ambo ya ziwa, ni ukatili hata kama umeandikwa katika mkataba.

Muuzaji atajibu: «Alikubali mwenyewe.» Hapo yafaa kumkumbuka Baba Mtakatifu Leo wa 13. Mwaka 1891, akiandika habari za wafanya kazi, alifundisha kwamba mapatano ya mshahara hayatoshi peke yake kuleta haki. Mtu akikubali mshahara mbaya kwa sababu ya shida, amelazimishwa. Kukubali kwa mwenye njaa si kukubali kamili. Kwa sababu hiyo aliyeweka masharti ndiye mwenye deni kubwa zaidi. Neno hili tulishike, maana ndilo litakalotuongoza mpaka mwisho. Mwenye kufuli anapaswa kutoa siku za huruma kwa mgonjwa na kwa mkimbizi, na kuhesabu yale aliyokwisha kulipa, ili akirudi aendelee pale alipofikia.

Lakini na mnunuzi asikilize. Wako vijana wanaosifiwa mtaani kwa ufundi wa kukata waya na kupita kando ya kufuli. Dawa ya deni ni kulipa. Anayevunja kufuli hamwibii tajiri wa mbali peke yake. Hasara yake huongezwa katika bei ya mjane atakayekuja kununua baada yake.

Shimo la Kolwezi

Sasa tutoke Baraka, tuifuate betri mpaka ilikozaliwa.

Katika betri nyingi za motokaa za umeme na za simu mna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia hutoka katika nchi yetu, hasa Kolwezi na pande zake. Sehemu huchimbwa kwa mashine kubwa, na sehemu kwa mikono. Mwezi wa Januari 2016 shirika la Amnesty International lilitoa habari za watoto wanaookota na kuosha mawe hayo ili wapate fedha kidogo ya chakula. Sisi wa Fizi hatuhitaji kuelezwa sana. Tuna dhahabu ya Misisi. Twajua shimo ni nini, na twajua mchimbaji hubaki na kiasi gani baada ya mwenye shimo, mnunuzi na wakubwa wote kutwaa fungu lao.

Tazameni na jambo jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilimalizika njia ya nyaya za umeme kutoka Inga mpaka Kolwezi, urefu wake kama kilometa 1,700. Nyaya hizo zilipita juu ya vijiji vingi, na vijiji vikabaki gizani. Umeme ulikuwa ukienda kuhudumia migodi. Leo madini ya migodi ile hupanda meli, yakaenda kusafisha hewa ya miji ya mbali. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, alipofika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023, aliwaambia wenye nguvu waiondoe mikono yao juu ya Kongo. Bila shaka aliyaona mambo ya namna hii.

Je, mkristu wa Baraka anayenunua betri ameshiriki dhambi ya Kolwezi? Walimu wa maadili hupambanua kushiriki ubaya kwa karibu na kushiriki kwa mbali. Anayemtuma mtoto shimoni ameshiriki kwa karibu. Anayenunua jiwe akijua mtoto ndiye aliyelitoa, naye yu karibu. Mama anayenunua taa ili mtoto wake asome yu mbali sana, na sababu yake ni njema. Asitiwe hofu ya bure. Tena ajue kwamba betri nzito ya risasi inayouzwa kwetu haina kobalti hata kidogo. Na betri nyingi mpya za nyumba na za pikipiki hutengenezwa kwa lithiamu, chuma na fosfati, bila kobalti.

Wako watakaosema: «Basi dawa imepatikana. Dunia iache kobalti, na dhambi itakwisha.» Ndugu zangu, tusiwe wepesi hivyo. Siku dunia itakapoiacha kobalti, yule mtoto hatapata shule kwa sababu hiyo. Atapata njaa bila hata ile fedha kidogo. Kukimbia shimo si kulipa deni la shimo. Deni ni kumpa baba yake bei inayomwezesha kumweka mtoto shuleni, na kumpa mchimbaji kazi isiyomzika. Na deni hilo ni juu ya nani zaidi? Ni juu ya wale wanaoweka masharti: kampuni zinazopanga bei ya gunia, matajiri wa ng'ambo wanaotaka motokaa safi kwa bei rahisi, na serikali yetu yenyewe. Sheria ya madini ya mwaka 2018 yaagiza kwamba katika ushuru wa madini, asilimia 15 ziende kwa utawala wa mahali pale yanapochimbwa. Raia anayeuliza kwa upole na bila kuchoka, «Fedha hizo zimejenga nini?» anafanya kazi njema.

Betri iliyokufa

Mpaka hapa msomaji wa Baraka aweza kufurahi, akisema: «Kumbe mwenye nguvu ndiye mwenye deni. Mimi ni mnyonge, basi sina deni.» Angoje kidogo.

Betri haiishi milele. Ile ya risasi, katika mikono yetu, mara nyingi hudumu miaka michache tu. Ikifa, twaiweka wapi? Nyuma ya nyumba, chini ya mgomba, au kwa fundi anayeipasua. Maji makali yaliyomo humwagwa chini. Risasi huyeyushwa juu ya moto, mahali pengine kwa kufanya vizito vya nyavu, na watoto wamekaa pale pale wakitazama.

Risasi ni sumu isiyo na haraka. Mtoto akivuta moshi wake, au akila kwa mikono yenye vumbi lake, haanguki siku ile. Huingia damuni, hudhuru akili yake, na mtoto aliyekuwa mwepesi darasani huwa mzito, na mwalimu humwita mvivu. Kule Owino Uhuru, mtaa mmoja wa Mombasa katika Kenya, kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu tangu mwaka 2007 mpaka 2014. Watu waliugua. Mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi pale, jina lake Phyllis Omido, mtoto wake mwenyewe alipopatikana na sumu hiyo damuni, alianza kudai haki. Mwezi wa Julai 2020 mahakama iliamuru wenyeji walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya kesi kupanda na kushuka, Mahakama ya Juu iliirudisha hukumu hiyo mwezi wa Desemba 2024. Fedha ni kitu, lakini haikutoa risasi katika mifupa ya watoto.

Sasa turudi kwenye neno letu. Tulisema aliyeweka masharti ndiye mwenye deni kubwa zaidi. Mbele ya kampuni ya mjini, sisi ni wanyonge. Mbele ya bei ya kobalti, sisi si kitu. Lakini mbele ya mtoto anayetambaa nyuma ya nyumba, ni nani aliyeweka masharti? Ni sisi. Yeye hakuulizwa betri itupwe wapi. Hakutia sahihi. Hata watoto watakaozaliwa baada ya miaka ishirini na kunywa maji ya ziwa hili hawakuulizwa. Hapo sisi ndio kampuni, sisi ndio wenye kufuli, sisi ndio wakubwa. Na mtu aliyezoea kulalamika juu ya wakubwa huwa hatambui siku yeye mwenyewe alipokuwa mkubwa.

Yafaa kufanya nini? Si mambo makubwa. Betri iliyokufa isipasuliwe wala kuyeyushwa nyumbani. Ile ya lithiamu isitobolewe wala kutupwa motoni, maana yaweza kuwaka ghafula. Ziwekwe mahali pakavu, mbali na watoto na mbali na maji. Anayenunua betri mpya amuulize muuzaji: «Ikifa, utaipokea?» Wanunuzi hamsini wakiuliza swali hilo, muuzaji atatafuta jibu. Na jumuiya au chama cha wavuvi chaweza kuzikusanya pamoja mpaka ipatikane njia ya kuzipeleka kwa wenye ufundi na vyombo vinavyofaa. Kadhalika watu kumi wakiweka fedha pamoja kidogo kidogo, huweza kununua kwa taslimu kile ambacho mmoja peke yake angekinunua karibu mara mbili.

Basi jibu la swali letu ni hili. Mwanga wa jua una deni, na kila mtu hulipa kwa kadiri ya nguvu aliyo nayo juu ya mwenziwe. Muuzaji alipe kwa kusema jumla na kwa kuihurumia taa ya mvuvi. Kampuni na serikali zilipe kule Kolwezi. Mnunuzi alipe ahadi yake, kisha aikumbuke betri yake mpaka mwisho. Taa yako inapowaka usiku huu, mshukuru Mungu. Na kesho kukipambazuka, zunguka nyuma ya nyumba, utazame umeacha nini pale watoto wanapochezea.